Godoro la Karafuu

Jumapili, 9 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye meza ya Mama ya kushonea, upande mmoja ulio wazi, kwa sababu upande mwingine umejaa sare za shule ambazo lazima ziwe na vifungo kufikia Jumatano. Mama hajambo, ila mgongo. Anakusalimu, na anasema ungekuwa na simu kama watu wengine angekusalimu mwenyewe. Nikamwambia wewe unaamini kwamba simu humfanya mtu ajibu kabla hajafikiri. Akasema, "Baba hata akiandikiwa barua hujibu kabla hajafikiri." Hayo ni maneno yake, Babu, mimi ni tarishi tu.

Goti la Bibi linaendeleaje? Na paka alizaa? Kwangu habari ni njema. Kemia nimekuwa wa pili, na aliyenipita amenipita kwa alama moja.

Sasa nina neno ambalo nimeliandika mara tatu na kulifuta. Lile jino ulilonizibia likizo ya Desemba, la juu kushoto, limefunguka. Ilikuwa Alhamisi wakati wa mapumziko. Nilikuwa natafuna mkate, si peremende, na wala haukuwa mkavu sana. Dawa nyeupe ilitoka nzima kama kofia. Niliifunga kwenye karatasi ya daftari nikaitazama vizuri nyumbani. Upande wa juu ni mgumu kama jino lenyewe. Upande wa chini ulikuwa laini na unanata, na ukucha wangu uliingia. Tena ulinukia karafuu. Ulinukia chumba chako cha kazi, mpaka nilikukumbuka pale pale uwanjani, mdomo wazi, wenzangu wananicheka.

Mama alinipeleka kliniki iliyo mkabala na duka la vitabu. Daktari wa meno pale ni mwanamke mwenye miwani ya kamba. Aliinusa ile kofia, akauliza, "Nani ameweka karafuu chini ya dawa nyeupe?" Mama alinitazama. Mimi nikatazama taa. Sikukutaja.

Ameniwekea dawa ya muda. Anasema mafuta ya karafuu huizuia dawa nyeupe isigande. Nataka kukuuliza wewe kabla sijamwamini yeye. Je, ni kweli?

Mjukuu wako,
Kijino


3 Machi

Kijino,

Marahaba, na marahaba nyingine mpelekee mama yako, ambaye hakuniamkia.

Paka amezaa. Amezaa ndani ya droo ya meno ya bandia, watoto wanne, na wamelala juu ya seti ambayo karani wa posta hajaja kuichukua mwaka wa tatu huu. Bibi yako hataki wahamishwe. Goti lake linatabiri mvua kuliko redio. Kiti changu kimeanza tena kushuka chenyewe mgonjwa akiwa amekaa, kidogo kidogo, kama mtu anayezama kwa adabu. Nimeagiza mpira mpya wa pampu.

Hongera kwa kemia. Alama moja si kitu. Muulize aliyekupita kama anaweza kung'oa gego la mwisho.

Sasa hilo la jino. Miaka arobaini na moja nimesimama kando ya kiti hiki. Unga mweupe, mafuta ya karafuu, kioo kinene, nakoroga mpaka ukinyanyua kisu dawa inapanda nacho kama uzi usiokatika. Umeniona mwenyewe. Unajua ninavyosema: kila shimo na godoro lake, jino halilazwi sakafuni. Godoro hilo linatuliza mshipa, linazuia baridi na moto. Fundi saa nilimlazia gego lake juu ya godoro hilo kabla mama yako hajaota meno ya pili, na mpaka leo anavunjia karanga.

Wewe ulitafuna kalamu. Usikatae, nimeona kalamu zako. Na huyo daktari wa miwani ya kamba ana umri gani? Viatu vyangu vya kazini vinamzidi miaka. Ukubwa ni jalala, kila mtu hutupa lake, lakini taka zangu nazijua na za wengine nazijua.

Usile vitu vya kunata. Piga mswaki taratibu, si kama unasugua sufuria.

Babu yako


Jumanne, 11 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, na safari hii amekuamkia kwa mdomo wake mwenyewe, nimemsimamia. Nimefurahi kwa paka. Naomba mmoja asipewe mtu, yule mwenye mkia mweusi kama yupo.

Babu, hukujibu swali. Niliuliza "je, ni kweli", nawe ukaniandikia "miaka arobaini na moja". Najua unanipenda na najua kalamu zangu zimeng'atwa. Lakini Mwalimu wetu wa Kemia, yule mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, husema jambo ambalo linaweza kupimwa halibishaniwi, linapimwa. Kwa hiyo nimepima.

Ijumaa, pale kliniki, mimi na Mwalimu tulimimina plasta kwenye vifuniko vitatu vya chupa, ikakauka, nikachonga shimo katika kila kimoja. Shimo la kwanza nikaliacha tupu. La pili nikaweka chini saruji ya kioo, dawa ya kuzibia isiyo na karafuu, ambayo daktari wa kliniki alitupatia kiasi cha punje ya hindi. La tatu nikaweka godoro lako, unga na mafuta ya karafuu. Nilikoroga mpaka uzi ukapanda bila kukatika, Babu, sikukusaliti kwa kukoroga vibaya. Kisha mashimo yote matatu nikayaziba juu kwa dawa nyeupe ile ile, nikayamulika kwa taa ile ile ya buluu ya kuigandishia, kwa sekunde zile zile, kwa sababu nilijua utasema ni taa. Daktari alitazama saa, Mwalimu akaandika.

Kesho yake tukavunja plasta kwa nyundo, tukazitoa zile dawa nyeupe na kuzilaza tumbo juu, nikazikwaruza kwa pini. Ya kwanza, pini iliteleza. Ya pili, pini iliteleza. Ya tatu pini ilizama. Niliweza kuandika herufi K.

Jumamosi ile ile daktari alitaka kuniziba moja kwa moja. Nilikuwa nimeshalala kitini. Nikafunga mdomo.

"Fungua," akasema Mama.

Nikatikisa kichwa.

"Unashindana na babu yako au unashindana na mimi?"

Ilibidi nifungue mdomo ili nijibu. "Wote wawili," nikasema, halafu nikaufunga tena. Daktari alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. Mama hakucheka.

Sikukataa kwa sababu daktari ni mbaya. Nilikataa kwa sababu jino hili ulilianza wewe, na nataka ulimalize wewe. Lakini si juu ya karafuu.

Kuna jambo jingine. Desemba, siku ulipofungua boksi jipya la dawa nyeupe, kulikuwa na kikaratasi cha maelezo chenye maandishi madogo kama chawa. Ulikikunja mara nne ukakitia chini ya mguu wa meza ya vyombo iliyokuwa inacheza. Nakumbuka kwa sababu ni mimi niliyeinua meza. Na ni mimi niliyekuomba dawa nyeupe badala ya ile ya fedha, kwa sababu jino hilo linaonekana nikicheka. Kwa hiyo na mimi nimo. Tafadhali inua meza, Babu, ukisome.

Mjukuu wako,
Kijino


Jumapili, 13 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Wiki ya tano sasa. Mama anasema posta huchelewa. Tarishi wetu anasema posta haichelewi, watu ndio huchelewa.

Sisi wazima. Natafunia kulia.

Kijino


27 Aprili

Kijino,

Marahaba.

Mvua zimekuwa nyingi. Geti limevimba, ukilifungua lazima ulibebe. Seremala aliyelitengeneza alitumia mbao mbichi, nami nilimwambia, lakini watu hawasikii. Nimemwita mara mbili. Anasema mbao zake hazina kosa, kosa ni la mvua. Hebu fikiria mtu mzima anasema hivyo.

Watoto wa paka wamefumbua macho. Mkia mweusi yupo, nimekuwekea. Mpira wa pampu umefika lakini si saizi yake.

Fundi saa alikuja Jumanne. Tulizungumza.

Barua yako niliipata. Mtoto wa shule akifundishwa sura moja huona amemaliza kitabu. Sisemi zaidi.

Geti hilo nitalivunja.

Babu yako

(Ndani ya kifuniko cha bahasha, kwa penseli:)

Mjukuu wangu, fundi saa hakuja na maneno matupu. Alikuja na kitu ndani ya kibiriti, na alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Tangu siku hiyo babu yako hujifungia asubuhi na ile taa ya buluu, na ameniomba pini zangu zote za kitambaa. Mimi sijui kemia. Usiache kuandika. Bibi.


Jumatatu, 5 Mei

Babu,

Shikamoo. Leo siulizi kwanza habari za goti wala za paka. Nitaziuliza mwishoni, nikiwa nimesema ninalotaka kusema, kwa sababu nimegundua kwamba mimi na wewe tukianza na habari za nyumbani huwa tunabaki huko huko.

Fundi saa alikuja kwa nini? Uliandika "tulizungumza" ukahamia kwenye geti. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kuliko kitabu chochote mwaka huu. Nusu ya barua ni seremala anayekataa kosa lake! Babu, niliposoma "hebu fikiria mtu mzima anasema hivyo" nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Usifikiri nakudharau. Ningekudharau ningenyamaza nikaenda kuzibwa kliniki, nawe ungebaki unasifiwa kila nikija likizo, nami nakaa kwenye kiti kinachozama nakuitikia ndiyo, Babu. Hivyo ndivyo watu huwafanyia wazee ambao hawatarajii tena kitu kutoka kwao. Mimi nakutarajia.

Dawa yangu ya muda imepasuka ukingoni. Daktari anasema shimo ni refu, kutoka sakafu yake mpaka kwenye mshipa ni unene wa ukucha tu. Anasema halivuki Juni. Likiingia maji, anasema, tutazungumza habari za koleo. Mama amenipa mpaka tarehe 14 Juni, siku ya kwanza ya likizo. Siku hiyo kama sina neno lako, nitazibwa kliniki, na Mama ameapa kwamba hakuna mtu wa nyumba hii atakayekaa tena kwenye kiti chako, hata kusafishwa meno. Nilimwambia jino ni langu. Akasema, "Jino ni lako, lakini mdomo naulisha mimi." Kwa hiyo unaona, sina muda wa geti.

Nimemuuliza daktari maswali mengi, akaniazima na kitabu chake. Miaka yako arobaini na moja haina kosa. Karafuu chini ya dawa ya fedha ni sawa kabisa, ndiyo maana fundi saa anavunja karanga. Dawa ya fedha haijali nani amelala chini yake. Dawa nyeupe inajali. Karafuu ile ile inayotuliza mshipa ndiyo inayoifanya nyeupe ishindwe kukaza. Wewe ulibadilisha shuka, Babu, ukaacha godoro. Dawa nyeupe uliianza Oktoba, kwa hiyo kosa lako lina miezi minane tu. Mbona unalitetea kana kwamba lina arobaini na moja?

Hivi ndivyo ninavyotaka jino langu. Pale ndani kabisa, karibu na mshipa, tone la dawa ya chokaa, dogo tu, kwa sababu yenyewe ni dhaifu haibebi uzito. Juu yake saruji ya kioo, hilo ndilo godoro. Juu ya hiyo, dawa nyeupe, kidogo kidogo, kila tabaka limulikwe. Mikono inayoweza kufanya hivyo unayo, nimeiona.

Kama hutaki, niandikie "sitaki". Neno moja. Lakini usiniandikie habari za mvua.

Goti la Bibi linaendeleaje? Mkia mweusi anakula?

Kijino


2 Juni

Kijino,

Marahaba, mjukuu wangu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikaitupa kwenye droo ya paka. Nilikasirika siku nane. Sikuombi radhi kwa siku hizo nane, nilikuwa na haki nazo. Siku ya tisa nilifunga mlango, nikainua meza kwa goti, nikakitoa kikaratasi. Nimekiambatanisha hapa. Hiyo duara katikati ni alama ya mguu. Nilivaa miwani yangu na juu yake miwani ya bibi yako. Mstari wa tano: isiwekwe juu ya dawa yenye mafuta ya karafuu. Ilikuwa imeandikwa. Tangu Desemba nikiziba watu, kilikuwa hapo chini kinaniambia, na mimi nimekikanyagishia meza.

Lakini sitaki udhani ni kikaratasi kilichonifundisha. Nilijua tangu Aprili. Fundi saa nilimziba jino la mbele mwezi Februari, nyeupe, kwa kuwa anamwoza binti yake na atapigwa picha. Akairudisha hiyo dawa ndani ya kibiriti. Nilifanya jaribio lako juu ya kioo changu, kwa pini ya bibi yako. Ilizama. Nikafanya tena. Nilifanya mara sita, Kijino, nikitumaini moja itanitetea. Zote zilikuwa upande wako. Nikakuandikia habari za geti kwa sababu geti lilikuwa kosa la mtu mwingine.

Nimepitia daftari langu. Tangu Oktoba nimeziba dawa nyeupe watu ishirini na sita, nawe ukiwamo. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye kadi, nikaibandika mlangoni palipokuwa na saa za kazi: "Wote niliowaziba dawa nyeupe tangu Oktoba, rudini. Kosa ni langu, si la meno yenu." Bibi yako alisema ningeandika tu "rudini". Nikamwambia hapana, wengi niliwaambia wametafuna vibaya.

Wamerudi kumi na tisa. Fundi saa alikuwa wa kwanza, na alisema mbele ya benchi zima, "Mimi huyu niliambiwa nilitafuna kucha! Nitafune kucha nina saa za watu mkononi?" Benchi likacheka. Nikacheka nao, maana kucheka peke yako ukiwa umekosea ni kazi ngumu. Mwanamke mmoja alisema ataenda kwa mwingine. Nikamfungulia mlango, ana haki.

Sasa nisikilize. Karafuu siitupi. Chini ya dawa ya fedha itabaki ilipo, na anayetaka kuniambia vingine aje na pini yake, nami nitamwonyesha karanga za fundi saa. Chini ya nyeupe, saruji ya kioo. Nimeipata, inakauka upesi kuliko nilivyozoea, imenitia haraka mikononi kama kijana wa mwaka wa kwanza. Ya jana imekaa vizuri.

Mwambie mama yako kuwa baba yake alifikiri kabla ya kujibu, ila alifikiri polepole.

Seremala amekuja. Mbao zilikuwa mbichi kweli, amekiri. Nilimpa chai.

Njoo tarehe 14. Jino lako nimeliachia saa mbili asubuhi, kabla mikono haijachoka. Ila kiti bado kinazama, na meza sasa inacheza tena. Vyombo vinalia kama kengele nikigusa kitu. Njoo na kipande cha mbao.

Babu yako


Jumatatu, 9 Juni

Babu yangu,

Shikamoo.

Barua yako imefika Jumamosi. Nilimsomea Mama akiwa anashona. Nilipofika "kosa ni langu" aliniambia rudia, nikarudia. Kisha kifungo kimoja alikishona mara mbili, na Mama hapotezi uzi. Jioni akaenda kunikatia tiketi ya Ijumaa, nilale kwenu. Ametuma pia mto mdogo wa kuegemea, wa Bibi, na anasema umwambie Bibi kwamba yeye naye ana gego linalomsumbua na huenda akaja Agosti. Nadhani alitaka uambiwe wewe.

Daktari nimemwonyesha kadi yako nilivyoinakili. Aliisoma akiwa amesimama, akavua miwani. "Mwambie babu yako," akasema, "mimi kwangu sijawahi kubandika kadi kama hii, na si kwamba sijawahi kukosea." Nimeamua nikwambie ingawa utavimba kichwa.

Kikaratasi sikirudishi. Nimekibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la shule, alama ya mguu ikiwa juu.

Karakana ya shule imenipa kipande cha mbao. Nimepima unene wake kwa rula dhidi ya kikaratasi kilichokunjwa mara nne, nikakipiga msasa mpaka vikawa sawa. Ni mbao kavu, nimeuliza.

Nakuja pia na pini. Nitakaa kitini, nitafungua mdomo, na sitasema neno mpaka umalize. Tone utakalobakiza la dawa nyeupe utalimulika juu ya saruji ya kioo, pale kwenye kioo chako. Kesho yake asubuhi tutaling'oa, tuligeuze tumbo juu, halafu nitakupa pini ukwaruze wewe.

Mjukuu wako,
Kijino